Siku Niliposema Nusu ni Yake

Mwanangu Zaina,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Saa hii umetoka na mama yako kuwaaga shangazi zako ng'ambo ya reli, na tangu asubuhi ulikuwa ukikunja nguo kwa furaha ambayo hukujisumbua kuificha. Yangu mimi ni hii: nimekaa kwenye kiti changu cha karakana, jua la alasiri linaingia mlangoni, na furaha yako imeniudhi. Nimeona nikuambie mapema, ili usidhani nakuandikia barua ya baba mwema.

Ya chakula cha njiani, ya sweta za Zambia, ya kutowajibu askari kwenye vituo, mama yako ameshayasema na atayarudia kesho mpaka treni ianze kutembea, kama itatembea. Siku hizi za vita treni huondoka ikipenda yenyewe. Mimi sitayagusa hayo. Nina jambo moja tu, nalo ni gumu, na nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia kwa sababu naliogopa. Ningekuambia uruke kurasa, ila najua hutaruka. Wewe tangu utotoni husomi kitu ila neno kwa neno.

Unakwenda Dar es Salaam kwa Papa Donatien, kujifunza kazi ya kuchagua mashine kuukuu zinazoshuka melini: magreda, mabuldoza, mashine za kushindilia barabara. Kazi hiyo niliianza mimi. Nataka hilo likumbukwe. Kabla yangu, hapa Kamina mashine za barabara zilikuwa za serikali na za misheni, na zilipokufa zilifia porini zikaota majani. Mimi, mtoto wa wauza chumvi waliotoka Maniema, ndiye niliyepanda treni mpaka pwani, nikakaa miezi nikisubiri meli, nikajifunza Kiswahili hiki cha barua, nikagundua kwamba Ulaya wanatupa mashine ambayo kwetu ingefanya kazi miaka kumi zaidi. Lakini nilijua kununua tu. Aliyejua kusikia alikuwa Donatien.

Wewe unamkumbuka kwa mikono mikubwa, miwani iliyofungwa kwa uzi, na peremende mfukoni. Mimi namkumbuka hivi: mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapa hapa Kamina, mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkristo ambaye kila mwaka alifunga siku ya kwanza ya Ramadhani ili kunisindikiza, akashindwa saa nane mchana, akajicheka mwenyewe. Tulikubaliana kwa mdomo. Mimi nishike safari na makaratasi, yeye atoe macho na masikio, na mashine iwe yetu wawili, nusu kwa nusu. Hatukuandika popote. Na juu ya lango la karakana nilichoresha jina langu peke yangu.

Hilo la lango aliniuliza mara nyingi, bila ugomvi, kama mtu anayeuliza habari za mvua. "Papa Zaina, jina ya minyi utaiandika lini? Bantu banafikiri minyi iko boyi yako." Nikamjibu kwamba rangi imekwisha. Nikamjibu kwamba mchoraji amesafiri Kaniama. Nikamjibu tungoje mashine ya pili. Naona haya hata kuandika: rangi ilikuwapo, imefunikwa gunia chini ya kitanda changu, na mama yako alipoiona akaniuliza ni ya nini nikamwambia ni ya mtu.

Utauliza kwa nini. Kwa sababu lango lilisema moja na mji ulisema lingine. Greda la kwanza lilipofika stesheni juu ya behewa la wazi, mimi ndiye niliyekuja nalo, nimekonda, nimeugua malaria mara mbili njiani. Hakuna aliyenipigia makofi. Donatien alipanda, akaliwekea betri, akagusa hiki na kile, akawasha, moshi mweusi ukatoka, na wanawake wa soko lote la stesheni wakapiga vigelegele. Wakambeba. Mimi nilisimama pembeni na makaratasi yangu ya forodha mkononi, na mzee mmoja akaniuliza kama najua mwenye mashine yuko wapi.

Basi wivu ukaanza hapo, ila ule ulikuwa mdogo, ningeweza kuishi nao. Mkubwa ulianza siku uliyokuwa na miaka saba. Alikupandisha kwenye ngazi ya greda, akakupa ile nondo yake nyembamba, ncha moja akaiweka kwenye injini na nyingine akakuwekea karibu na sikio. "Sikia, mama. Inasema nini?" Ukafumba macho. Ukakaa muda mrefu. Ukasema, "Iko nakohoa, Papa. Lakini kidogo tu, upande huu." Akaita karakana nzima ije ikusikie. Na kweli, upande ule kulikuwa na kasoro, ambayo mimi niliyekuwa nimeliendesha greda hilo wiki nzima sikuisikia.

Tangu siku hiyo ukitoka shule ulipita mbele ya kiti hiki, ukasema "Jambo, Baba" bila kusimama, ukaenda kwake. Kila siku. Nilianza kukaa na peremende mimi pia, hukujua? Nilinunua zile zile. Ulizipokea, ukasema aksanti, ukaenda kumgawia.

Nilimwonea wivu, Zaina. Sitafuti neno la adabu. Nilimwonea wivu wa jinsi ulivyomtazama, na wivu huo niliula asubuhi na jioni miaka mitatu minne, na hakuna aliyejua, kwa sababu nilikuwa mchangamfu sana kwake. Mtu akiwa mchangamfu kupita kiasi kwa mwenzake, mwanangu, mchunguze.

Sasa nikuambie habari ya Kipara, kwa sababu unaijua nusu yake tu, ile ya kuchekesha. Kipara ni ile mashine ya pili, yenye ndoo kubwa mbele ya kupakia mchanga kwenye malori. Niliifuata peke yangu. Donatien alitaka tuende wote nikamwambia abaki na kazi ya barabara ya Kabongo. Tulipokwenda wote kuchagua greda, kabla hajanitangulia kurudi, niliona desturi zake mbili. Ya kwanza, aliamkia uwanjani zinakouzwa, kabla ya muuzaji kufika, na kuweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, alijua imewashwa ili ugumu wake wa kuwaka usionekane, akaondoka. Ya pili, alibeba ufito alioukata kwa kipimo cha reli yetu, kutoka sakafu ya behewa mpaka kwenye kile chuma kilichopinda pale stesheni ya Lubumbashi ambacho kila mzigo lazima upite chini yake. Ufito huo ulining'inia karakana, kwenye msumari. Niliutazama siku ya kuondoka. Kuuchukua kungekuwa ni kukubali kwamba bila yeye siwezi, nikauacha pale pale.

Kule pwani nilikuta mashine imeshawashwa, inanguruma, imepakwa rangi ya manjano mbichi. Nikaipenda kama kijana anavyopenda. Ikapanda reli, ikavuka Zambia salama, ikafika Lubumbashi, na pale kwenye kile chuma ikagoma. Kabini ilizidi kwa kimo cha mkono mzima. Watu wa reli walicheka mpaka wakakaa chini. Ilibidi niende kwenye foni, ile redio ya kuongelea mbali, ambako foleni nzima inasikia mambo ya kila mtu.

"Papa Donatien, kabini iko murefu."

"Murefu namna gani?"

"Murefu."

 Kule Kamina akauliza kwa upole, "Ufito ulibeba, Papa Zaina?" Nami nikanyamaza, na foleni nzima ikasikia nimenyamaza.

Alikuja kwa treni na msumeno wa chuma. Alikata kabini siku nzima juani. Hakucheka hata mara moja. Mbele ya wale watu wa reli alipigapiga ubavu wa mashine akasema, "Kichwa tu njo kilizidi. Tutashona ingine. Motere iko muzuri." Tulipofika Kamina, tukiwa wawili tu, ndipo aliponiambia taratibu kwamba injini ni mbovu, alijua tangu ilipowashwa Lubumbashi, atajaribu kuiponya. Angenicheka ningemsamehe. Alinistiri, na kwa kunistiri nikamchukia. Wewe ulicheka, unakumbuka? Mimi naendesha mashine isiyo na paa, mvua ya Januari, mwavuli wa mama yako mkononi, na watoto wanakimbia nyuma wakiita Kipara, Kipara. Ulicheka kuliko wote.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa.

Mwaka ule Wakasai walipoanza kufukuzwa Katanga hii yetu ulikuwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo mengi uliyaona mwenyewe. Majirani waliozaliwa hapa, ambao Kasai waliisikia kwa babu zao tu, waliambiwa warudi kwao. Stesheni yetu ikajaa watu wa miji yote ya kusini, wanalala chini ya mashuka wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Kamina yenyewe ilichelewa kidogo. Watu walikuwa bado wanabishana nani aende na nani abaki.

Asubuhi moja, nikitoka msikitini, Shabani, mwana wa shangazi yangu, alinivuta kando. Alikuwa na rafiki miongoni mwa vijana waliokuwa wakizunguka mitaani. Akaniambia, "Leo banakuya kwako. Sikia: bale ba kazi tu, bale bako na patron wa hapa, bataachwa kwanza. Benye mali njo bataenda. Batakuuliza Donatien iko nani kwako. Sema ni mufundi wako. Sema unamulipa kila mwezi. Basi, bataenda zao." Nilimshukuru. Nilikuja karakana, nikaketi kwenye kiti hiki. Donatien alikuwa chini ya greda. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kumwambia na sikumwambia.

Walikuja kabla ya adhuhuri, kama kumi hivi, na fimbo. Wewe shule ilikuwa imefungwa; ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya greda. Donatien alitoka chini akasimama, anafuta mikono kwa kitambaa, anasubiri. Yule mkubwa wao alikuwa na heshima, hakupiga kelele. Alitazama jina langu juu ya lango, akanitazama mimi.

"Papa Zaina, tunakuuliza. Hizi mashini ziko za nani? Na huyu papa iko nani kwako?"

Jibu nilikuwa nalo. Zaidi ya hayo, mwanangu, lilikuwa ndilo jibu nililolitamani miaka yote: kusema mbele ya watu kwamba mashine ni zangu na yeye ni fundi wangu tu. Hata lango lilisema hivyo. Siku hiyo uongo wangu wa miaka mingi ungemwokoa. Nikasimama, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Tuko bawili. Nusu yangu, nusu yake. Hakuna mashini hapa haina yake."

Uliona uso wake. Wewe ulikuwa karibu kuliko mimi. Alivua miwani. Machozi yalimtoka, na alikuwa anatabasamu, kwa sababu neno alilolingoja miaka yote limesemwa hadharani. Alinijia akanikumbatia na mafuta yake yote. Na yule kijana akasema, "Aksanti, Papa. Weye njo muntu wa kweli." Akamgeukia yeye: "Papa Donatien, kesho tusikukute hapa."

Nilijua nasema nini, Zaina. Sikuteleza, wala sikuogopa, wala sikuchanganyikiwa. Nilipokuwa nikisema nilikuona wewe pembeni ya jicho, umeegemea greda lake, na nikawaza: kesho atapita hapa na atasimama kwangu. Ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Yule mtu ananilowesha bega kwa machozi ya shukrani, na mimi nahisi furaha.

Yaliyofuata unayajua, ila sasa uyatazame upya. Wiki tatu ambazo Donatien, mkewe na watoto walikaa stesheni nilipeleka chakula kila siku, wewe umeshika sufuria ya samaki, mimi nimeshika ya bukari, ugali wetu. Watu walisema, mtazame Papa Zaina, Mwislamu na Mkristo, huo ndio urafiki. Nilifurahia kusikia. Fifi, mtoto wao wa mwisho, uliyezoea kumbeba mgongoni, aliharisha mle kwenye behewa akafa, akazikwa kando ya reli kabla ya kufika Mwene-Ditu. Habari hiyo ilitufikia mwezi mmoja baadaye. Ulilia ukaja kulala miguuni pangu, ukasema, "Baba, weye peke yako njo haukuogopa." Nikakupapasa kichwa.

Hapo ndipo nilipokupata. Tangu siku ile ukawa mtoto wangu kweli. Uliisimulia habari ile shuleni, kwa shangazi zako, kwa kila mgeni: baba yangu alisimama mbele ya fimbo akasema ukweli. Mara moja tu katika maisha nilimshinda Donatien machoni pako, na kwa kitu hicho. Miaka yote hii nimekaa nacho kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake msibani, kila akitaka kuinuka anaambiwa kaa, kaa.

Na kusikia kwangu kwa mashine, wala hakukuongezeka. Alipoondoka nilidhani nitaanza kusikia kwa kuwa hakuna tena wa kunizidi. Nikasikia makelele tu. Greda lingekuwa chuma chakavu kama usingekuwa wewe, na nondo yake, na kumbukumbu yake. Na ulikuwa ukiinama kwenye injini kama yeye, hata namna ya kufumba jicho moja. Nilimfukuza mtu na bado nikakaa naye karakana kila siku.

Kisha ikaja vita ya kwanza, ikapita, ikaja hii. Askari wa Base, ile kambi ya jeshi, walipomchukua Kipara kwenda kuchimba mahandaki, wewe ulilia na mimi sikulia. Niliona imekwenda pahali pake. Tangu hapo greda tumelifungua vipandevipande ili lisichukuliwe, pampu chini ya magunia ya mahindi, stata kwa shangazi yako, na hapa hakuna tena kazi ya kumweka mtu mwenye sikio kama lako. Hilo nalikubali. Ndiyo maana ilipokuja barua yake sikuweza kusema hapana.

Uliisoma wewe kwa sauti, pale ndani, mbele ya mama yako. Kutoka Kasai alishuka pwani kutafuta kazi, sasa anapokea mashine za watu wa Zambia na Katanga, macho yanamchoka, anahitaji mtu. Halafu ile sentensi: "Sijasahau neno ulilolisema mbele ya vijana. Ulinipa jina langu siku ambayo kila mtu alikuwa ananinyang'anya. Mtoto wa mtu huyo ni mtoto wangu, na nyumba yangu ni yake." Mama yako akapiga kigelegele. Ulinitazama kwa fahari hata nikatoka nje, nikasema nakwenda kuangalia kama mvua itanyesha. Ilikuwa kiangazi, na nyote wawili hamkuniuliza.

Sasa unaona. Unakwenda kupokelewa kwa ajili ya neno lile. Utakaa mezani kwake, yeye na Mama Vero mkewe, na watawasimulia wageni wao, na wewe utainamisha kichwa kwa fahari, juu ya kaburi la Fifi. Nilijaribu kuliacha liwe hivyo. Wiki mbili nilijaribu. Sikuweza kukuacha ujivunie kitu hicho ukiwa chini ya dari yake. Najua ninachokitupa. Kesho kutwa pengine hutakuwa na baba wa kumsimulia, na nilichokuwa nacho kwako ni hicho tu.

Sikuandikii ili uniambie kwamba Mungu atasamehe, hilo ni langu na Yeye. Nakuandikia kwa sababu una sikio. Katika kazi hiyo utakuwa mzuri kuliko wengi, na utamwona siku moja aliye mzuri kukuzidi, labda kijana, labda mtu anayepiga kelele na asiyestahili. Utajisikia vibaya. Hilo si kosa. Chukua ufito kwenye msumari, mwanangu. Mimi ningeuchukua ufito asubuhi ile, ningefika Lubumbashi salama, ningeaibika kidogo tu, na nadhani, sina hakika ila nadhani, kwamba mengine yasingenifikisha pale. Kila mara nilipokataa kuaibika kidogo nililipa kwa kitu cha mwingine.

Na usiwaamini sana watu wanaosifiwa kwa kusema kweli. Waulize waliisema kwa nani, na saa ngapi.

Nimeshamwandikia yeye pia. Barua hiyo imekamilika tangu Jumatatu, nimeeleza yote, Shabani, asubuhi ile, na nilichokiwaza. Jumanne nilikwenda stesheni nimpe dereva wa treni aipeleke, ikutangulie, ili Donatien ajue kabla hujafika. Nilijiona mtu safi sana njiani. Dereva aliponyoosha mkono, nikajiuliza: Saidi, unataka ajue, au unataka akatae kumpokea, mtoto arudi akae mbele ya kiti chako? Nilisimama pale na sikuweza kujijibu. Mpaka sasa siwezi. Ni ukweli mtupu, kama ule wa kwanza, na kama ule wa kwanza ungemwondoa mtu mlangoni. Nikasema samahani, nikarudi nayo.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Barua niliyomwandikia inakaa kwangu. Wewe nenda. Jifunze. Amkia uwanjani, weka kiganja kwenye injini. Siku utakapoichagua mashine peke yako, na yeye akakubali iende kwa mnunuzi kwa neno lako tu bila kuisikiliza mwenyewe, niandikie mstari mmoja. Siku hiyo hiyo nitaipeleka. Hapo utakuwa umesimama kwa miguu yako, na akitaka kunichukia atanichukia mimi peke yangu, na hata kama hatataka kukuona tena utakuwa na kazi ambayo hakuna awezaye kukunyang'anya. Kama kabla ya hapo siri itakushinda, mwambie. Usinilinde. Nimekubebesha mzigo usio wako, najua. Sikupata njia ya kukuambia wewe bila kukubebesha.

Barua hii nilitaka kukupa kesho dirishani, treni ikiwa inatembea. Nikaona hiyo nayo ni ujanja. Nitakupa leo hii, mkononi, mkishakula, na nitakaa uani. Ukitaka kuniuliza, uniulize. Ukitaka kupita mbele yangu bila kusimama, upite.

Nakuonea wivu wewe pia, nilisahau kusema. Utaona meli zikifunguka. Utakuwa na miaka kumi na tisa, na utasikia kile nisichokisikia kamwe, na utasimama kando ya mtu yule akikufundisha.

Nami najua kitakachotokea, kwa sababu namjua. Ataisoma barua yangu yote, atavua miwani, atakaa nayo siku mbili, kisha atakubakiza. Atakuita mwanangu akijua kila kitu, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Siku hiyo nitamwonea wivu kuliko siku zote za maisha yangu. Niandikie hivyo hivyo.

Baba yako,
Saidi